Somo la ufundi: Vifaa vingi, paneli moja ya king'ora

King'ora cha nyumbani kina sehemu moja ambayo mwenye nyumba haioni mara kwa mara, nayo ndiyo inayoamua kama mfumo mzima utafanya kazi au la. Si ile pembe inayolia chini ya paa, wala si kile kijicho chekundu kinachomulika kwenye kona ya sebule. Ni sanduku la chuma au plastiki lililofungwa ukutani, mara nyingi ndani ya stoo au nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, ambamo nyaya zote za mfumo hukutana. Mafundi huliita paneli. Mfuniko wake ukishafungwa, ubora au ubovu wa kazi ya ndani husahaulika, mpaka usiku ule king'ora kinapolia bila mwizi, au mwizi anapoingia bila king'ora kulia.

Somo hili linawahusu wakazi wa kata za Mpanda waliokwisha kufunga mfumo wa namna hiyo na wale wanaokusudia kuufunga. Halina nia ya kumgeuza kila msomaji kuwa fundi. Nia yake ni kumwezesha mwenye nyumba kusimama kando ya fundi wake, kuuliza maswali yanayostahili, na kuitambua kazi safi kwa macho kabla mfuniko haujarudishwa.

Yowe la mashine

Katika Mkoa wa Katavi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya magharibi ya nchi, ulinzi wa usiku umetegemea sauti tangu zamani. Wasukuma na Wanyamwezi, ambao wengi wao ni wakazi wa mkoa huu, wana mwito waujuao kwa jina la mwano: yowe linapopigwa, kila alisikiaye hutakiwa kutoka. Sungusungu walioibuka katika maeneo ya Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliujenga ulinzi wao juu ya desturi hiyo hiyo, na ulinzi shirikishi wa mitaani leo hii ungali unaitegemea.

King'ora ni yowe la mashine. Hakimkamati mwizi wala hakifungi mlango. Kinaita watu tu, na katika nyumba nyingi za mji huu wanaoitwa ni majirani, mwenyekiti wa mtaa na vijana wa doria. Kwa hiyo thamani yake yote imo katika imani ya wale wanaokisikia. Pembe inayolia saa nane usiku kwa sababu ya waya uliolegea huwatoa watu vitandani mara ya kwanza, na pengine mara ya pili. Baadaye huanza kujifunika shuka. Mwenye nyumba huendelea kulipia betri na fundi, bila kujua kwamba kifaa chake kimekwisha kufa masikioni mwa mtaa mzima.

Waya uliolegea ni miongoni mwa vyanzo vya kawaida vya kelele hizo za bure. Kwa sababu hiyo unadhifu ndani ya sanduku la king'ora hauhesabiwi kuwa urembo.

Skrubu moja, nyaya sita

Chukuliwe mfano wa nyumba ya kufikirika katika Kata ya Makanyagio, yenye sebule, korido, jiko, stoo na vyumba vitatu vya kulala. Mwenye nyumba anataka vihisi mwendo vitatu: kimoja sebuleni, kimoja koridoni na kimoja stoo. Anataka swichi za sumaku katika mlango wa mbele, mlango wa jikoni na dirisha la stoo. Anahitaji kibao cha namba za siri karibu na mlango wa kuingilia, na kibao cha pili chumbani. Mwisho ni pembe ya nje.

Swichi ya sumaku haihitaji umeme wa kuiendesha. Ni mguso tu unaofungika sumaku ikiwa karibu na kufunguka mlango unapoachana na fremu. Lakini kila kihisi mwendo na kila kibao cha namba kinahitaji umeme wa volti 12, waya mmoja wa chanya na mmoja wa hasi. Vihisi vitatu na vibao viwili ni vifaa vitano, na vikiongezwa kifaa kimoja zaidi siku za usoni, tuseme kihisi cha gereji, vinakuwa sita. Paneli nayo, kwa kawaida, ina skrubu moja tu ya chanya na moja ya hasi kwa ajili ya vifaa hivyo vyote.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Fundi mwenye haraka husokota ncha sita za shaba pamoja, akazisukuma chini ya skrubu moja, akakaza. Kwa macho, zimeshika. Lakini skrubu ile imetengenezwa kubana waya mmoja, au mbili kwa shida. Waya mnene ukikaa pamoja na mwembamba, ule mnene ndio unaobanwa na mwembamba hubaki ukielea kando. Joto la mchana hupanua shaba, ubaridi wa usiku wa kiangazi huikunja, mlango unabamizwa, ukuta unatikisika. Baada ya miezi michache uzi mmoja hugusa na kuachia, kihisi hupoteza umeme kwa nukta moja, nacho hufungua mguso wake kama kwamba kimeona mtu. Pembe inalia. Mwenye nyumba anaamka, anakagua madirisha, haoni kitu.

Suluhisho ni la bei ndogo. Kutoka kwenye skrubu ya chanya ya paneli utoke waya mmoja tu, ulio mnene kidogo, uende kwenye safu ya konekta iliyofungwa ndani ya sanduku hilo hilo au ndani ya kisanduku kidogo cha pembeni. Waya wa hasi ufanyiwe vivyo hivyo katika safu ya pili. Matundu ya upande mmoja wa kila safu huunganishwa kwa vipande vifupi vya waya ili yote yawe na umeme uleule, na kila kifaa hupewa tundu lake upande wa pili. Kihisi cha sebule kina tundu lake, cha korido lake, na kadhalika. Kifaa kikileta shida, fundi hulegeza skrubu moja na kukitenga bila kukigusa kingine. Konekta hizi ndizo zile zile zinazotumika katika kazi za kawaida za umeme wa nyumba, na hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme mjini.

Kuna hatua ya pili ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ni fyuzi. Njia ya umeme wa vifaa kwenye paneli hulindwa na fyuzi moja. Panya akitafuna kebo ya kihisi cha stoo na kugusanisha chanya na hasi, fyuzi hiyo hukatika na vifaa vyote huzimika pamoja, vibao vya namba vikiwemo. Nyumba nzima inakuwa kipofu kwa kosa la kona moja. Kila tawi likiwa na fyuzi yake ndogo katika kishikio chake, ya milliampia 250 au 500 kulingana na kifaa, shoti ya stoo itaizima stoo peke yake. Zipo safu za mgawanyo zinazouzwa zikiwa na fyuzi zake tayari. Anayeweza kuagiza moja kutoka Tabora, Mwanza au Dar es Salaam hatajutia nauli ya kifurushi.

Kama shanga katika uzi mmoja

Baada ya umeme wa kuendesha vifaa, kuna nyaya za taarifa. Paneli hugawa nyumba katika kanda, nne, nane au zaidi, na kila kanda ina skrubu zake mbili. Paneli hupitisha umeme mdogo kutoka skrubu moja, uzunguke kupitia kifaa, urudi kwenye ya pili. Mzunguko ukiwa mzima, kuna utulivu. Ukikatika, kuna tahadhari.

Kanda zikiwa chache kuliko vifaa, vifaa viwili au vitatu huweza kuwekwa katika kanda moja. Vihisi vya kawaida vya wizi na swichi za sumaku hukaa vikiwa vimefungika, hivyo huunganishwa kwa kufuatana: waya unatoka paneli, unaingia swichi ya kwanza, unatoka na kuingia ya pili, kisha unarudi. Ni kama shanga katika uzi mmoja. Popote uzi utakapokatwa, zote huanguka. Kosa la kuviunganisha sambamba, kila kifaa na jozi yake ya nyaya kwenye skrubu zile zile mbili, lina hatari ya kimyakimya. Mlango mmoja ukifunguliwa, swichi ya mlango mwingine bado imefunga mzunguko, na paneli haioni lolote. Nyumba ya namna hiyo huonekana salama kila siku mpaka siku ya kuibiwa.

Mchoro huu wa kufuatana huokoa kanda, lakini una gharama yake. Paneli itasema kanda ya pili imefunguka. Haitasema ni mlango wa jikoni au dirisha la stoo. Mazungumzo ya namna ifuatayo yatafahamika kwa fundi yeyote:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Hili dude lako limelia tena usiku wa manane."

"Kibao kilionyesha kanda ya ngapi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Linalia, tunalizima, tunalala."

"Basi leo itabidi nianze upya, chumba kwa chumba."

Fundi huyo atatumia siku nzima kutafuta kosa ambalo lingepatikana kwa dakika tano, na siku hiyo italipiwa. Kwa hiyo pale kanda zinapotosha, kila mlango wa nje upewe kanda yake, na kuchanganya kuachiwe madirisha ya upande mmoja wa nyumba. Orodha ya kanda iandikwe kwa mkono na kubandikwa kando ya kibao cha namba, kwa lugha ya wenye nyumba: mlango wa mbele, mlango wa jikoni, dirisha la stoo.

Kifaa cha moshi kisichanganywe kamwe na vya wizi. Kinatakiwa kiwe macho saa zote, hata wakati king'ora cha wizi kimezimwa, na namna yake ya kuungwa ni tofauti na iliyoelezwa hapa.

Kijipande kidogo mwisho wa waya

Ndani ya boksi la paneli mpya mnunuzi hukuta kifuko cha vijipande vidogo vyenye mistari ya rangi. Hizi ni rezista. Si vipuri vya akiba, na wala hazitakiwi kutupwa. Kipimo chake hutegemea mtengenezaji: paneli moja hutaka omu 1,000, nyingine 4,700, nyingine 5,600. Kijitabu cha paneli ndicho chenye jibu, na rezista ya paneli moja haifai kuazimwa kwa nyingine.

Kazi yake ni kuipa paneli uwezo wa kutofautisha hali tatu badala ya mbili. Ikipima omu 5,600, kwa mfano, inajua kwamba mzunguko ni mzima na mlango umefungwa. Ikipima ukinzani usio na mwisho, mlango umefunguka au waya umekatwa. Ikipima sifuri, kuna mahali nyaya mbili zimegusana, kwa panya, kwa msumari wa fundi seremala, au kwa mkono wa mtu.

Lakini manufaa hayo yanapatikana kwa sharti moja: rezista ikae mwisho wa waya, ndani ya kifaa cha mbali zaidi, mbali na paneli. Wapo wanaoziunga zote ndani ya sanduku kwa sababu ni rahisi na hupendeza, zikijipanga kama askari kwenye gwaride. Kazi hiyo ni nadhifu kwa jicho na ni mbovu kwa nyumba. Rezista ikiwa ndani ya sanduku, nyaya zikigusana popote huko darini, paneli itaendelea kupima omu 5,600 na kusema yote shwari, hata mlango ukiachwa wazi. Mwenye nyumba anayekagua kazi aombe afunguliwe kihisi kimoja au swichi moja. Asipoiona rezista katika kifaa cha mwisho cha kanda, aulize iko wapi.

Miguu ya rezista haina ganda. Ivalishwe kijimrija cha plastiki, au ganda lililovuliwa kwenye kipande cha waya, ili isiguse skrubu ya jirani.

Hesabu ya betri na ya umbali

Mji wa Mpanda uliishi kwa miaka mingi na umeme wa jenereta za dizeli, na hakuna mkazi asiyejua maana ya taa kuzimika jioni. Hata pale umeme usipokatika, uniti za LUKU huisha. Mfumo wa king'ora usiohimili usiku mmoja bila umeme hauna maana, na wahalifu nao wanajua kuchagua usiku wa giza.

Kila kifaa kina kiasi cha umeme kinachokula, kilichoandikwa katika karatasi yake. Kwa mfano wa nyumba ya Makanyagio, tuseme kila kihisi kinakula milliampia 15, kila kibao milliampia 100, na paneli yenyewe milliampia 100. Vihisi vitatu ni 45, vibao viwili ni 200. Pamoja na paneli jumla ni milliampia 345, yaani karibu theluthi moja ya ampia. Betri ya kawaida ya paneli ni ya volti 12 na ampia-saa 7. Saba ikigawanywa kwa 0.345 inapatikana saa 20. Hiyo ni betri mpya katika hesabu ya karatasi. Betri ya miaka mitatu iliyokaa katika stoo yenye joto chini ya bati haitafika hapo. Kibao cha pili cha chumbani kikiondolewa, saa zinapanda hadi 28. Mwenye nyumba ndiye aamue kama kibao hicho kina thamani ya saa 8 za usalama.

Jumla ya vifaa pia isizidi uwezo wa njia ya umeme ya paneli, ulioandikwa kwenye kijitabu. Paneli yenye uwezo wa milliampia 500 isibebeshwe 700 kwa sababu tu konekta zina matundu ya kutosha.

Umbali nao una hesabu yake. Kebo ya kawaida ya king'ora ina nyuzi za unene wa karibu milimita za mraba 0.22. Uzi wa shaba wa unene huo una ukinzani wa karibu omu 8 kwa kila mita 100. Pembe ikiwa mita 30 kutoka paneli, umeme unasafiri mita 30 kwenda na mita 30 kurudi, yaani mita 60, na kukutana na omu karibu 4.8. Pembe inayokula nusu ampia itapoteza volti 2.4 njiani, kutoka volti 12 zinafika 9.6. Ikiwa inakula ampia nzima, zinapotea 4.8 na kufika 7.2, na badala ya mlio mtaa utasikia mkoromo. Kihisi kwenye kebo hiyo hiyo, kwa milliampia zake 15, hakipotezi hata sehemu moja ya kumi ya volti. Ndiyo maana kebo moja inafaa kwa vihisi na haifai kwa pembe. Pembe ivutiwe waya mnene zaidi, au nyuzi mbili ziunganishwe kuwa chanya na nyingine mbili kuwa hasi, na upotevu utapungua kwa nusu.

Kebo katika dari na ndani ya sanduku

Nyumba nyingi za mji zina dari la mbao au la bodi, na juu yake wapo panya, mchwa na joto. Kebo inayolala ovyo juu ya bodi hufa mapema. Ipitishwe ndani ya bomba la plastiki au ifungwe kwenye boriti kwa vibanio. Isifungwe pamoja na nyaya za umeme wa volti 230 za taa na soketi. Ziachane angalau kwa urefu wa rula ya shule, na panapolazimu kukutana zikatane kwa pembe mraba, zisiandamane. Sababu ya kwanza ni usalama: ganda la waya wa umeme mkubwa likiyeyuka, volti 230 zitaingia katika kibao ambacho mtoto anakigusa kwa kidole. Sababu ya pili ni kwamba nyaya zilizoandamana huambukizana mtikisiko, nao ni chanzo kingine cha kelele za bure.

Kila kifaa kiwe na kebo yake nzima, isiyo na kiungo, kutoka kilipo mpaka kwenye sanduku. Inagharimu kebo zaidi kuliko kurukia kutoka kihisi kimoja hadi kingine, na mwenye nyumba hushawishika kubana hapo. Lakini kiungo kilichofichwa darini na kufungwa kwa tepu ndicho kitakachotafutwa kwa tochi miaka miwili baadaye. Hata vifaa vya kanda moja huweza kufuatanishwa ndani ya sanduku, kwenye konekta, ambapo kila kiungo kinaonekana. Rezista itabaki kwenye kifaa cha mwisho kama ilivyoelezwa.

Kebo zinapoingia sandukuni, ganda la nje livuliwe pale pale mlangoni pake, si nusu mita kabla. Kila kebo ifungwe kwa kibanio ili mvuto wa nje usifike kwenye skrubu. Nyuzi zipite kando ya kuta za sanduku, zisikatize juu ya saketi, na kila moja iachiwe ziada ya urefu wa kiganja; fundi atakayekata ncha iliyoharibika baadaye atahitaji ziada hiyo. Rangi zifuatwe nyumba nzima bila kubadilika: nyekundu chanya, nyeusi hasi, nyinginezo kwa taarifa. Ncha ivuliwe milimita 6 hivi, isionekane shaba nje ya skrubu. Kila kebo ivikwe kibandiko chenye jina lake kwenye ncha zote mbili, kwa kalamu isiyofutika. Nyuzi zisizotumika zisikatwe; zikunjwe na kuwekwa kando, kwa kuwa uzi mmoja ukikatika ukutani, wa akiba utaokoa kazi ya kupasua lipu.

Kabla ya kugusa chochote ndani ya sanduku, breka ya umeme wake izimwe na betri itenganishwe. Upande wa volti 230, yaani waya unaoingia kwenye transfoma ya paneli pamoja na ethi yake, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba aonyeshwe leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Paneli ipewe breka yake yenyewe, isichomekwe kwenye soketi ambayo mtu atachomoa ili achaji simu.

Jaribio mbele ya majirani

Kazi haijakamilika mpaka ijaribiwe, na jaribio lina adabu yake. Mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote waarifiwe siku na saa, ili mlio wa jaribio usiwe ndio wa kwanza kuwafundisha kupuuza. Kila mlango ufunguliwe mmoja mmoja, huku mtu wa pili akitazama kibao na kulinganisha na orodha. Mtu atembee mbele ya kila kihisi. Kisha ifanyike ile ambayo mafundi hawapendi: katika kifaa cha mwisho cha kila kanda, nyaya mbili za taarifa ziguswe pamoja kwa makusudi. Paneli ikikaa kimya, rezista haiko mahali pake.

Jaribio la mwisho ni la usiku mmoja. Breka ya paneli izimwe jioni na mfumo uachwe kwenye betri hadi asubuhi. Alfajiri, pembe ilizwe kwa nukta chache. Ikilia kwa nguvu ile ile ya jana, betri na waya vinatosha. Jaribio hilo lirudiwe kabla ya mvua za masika na kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati familia nyingi husafiri na nyumba hubaki na mlinzi au bila mtu.

Kama baada ya hayo king'ora kinalia bila sababu, kisizimwe na kuachwa. Namba ya kanda iandikwe pamoja na saa na hali ya hewa: mvua, upepo, umeme kukatika au kurudi. Maandishi ya wiki mbili humwonyesha fundi njia. Kinacholia wakati umeme unarudi kina shida katika transfoma au betri, na kinacholia wakati wa upepo kina swichi ya mlango iliyo mbali na sumaku yake.

Anayesikia king'ora cha jirani kikilia na kuona dalili za uvunjaji apige 112 kwa Polisi. Penye moshi au moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114. Simu zote mbili ni za bure.

Karatasi moja ibaki ndani ya mfuniko wa paneli, imefungwa katika mfuko wa plastiki: mchoro wa nyumba, njia ya kila kebo, kanda na vifaa vyake, kipimo cha rezista, ukubwa wa kila fyuzi, na tarehe betri ilipowekwa. Namba za siri zisiandikwe humo.